Namba Iliyoniumbua Mbele ya Darasa

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa kidato cha tano aliniandikia akiuliza mtu aendelee kugawanya hadi wapi kabla ya kuitangaza namba kubwa kuwa tasa. Swali lake lilinigusa pabaya, kwa kuwa miaka sita iliyopita, katika darasa la jioni nililokuwa nikifundisha, niliandika ubaoni 4,294,967,297 na kuwaambia wanafunzi, kwa sauti ya mtu asiyehojiwa, kwamba ni namba tasa.

Sikuwa nimekurupuka. Jumla ya tarakimu zake ni 59, hivyo haigawanyiki kwa 3. Kwa 7, 11 na 13 nilitumia njia ninayoipenda kuliko zote: kwa kuwa zikizidishwa hutoa 1,001, unaikata namba katika mafungu ya tarakimu tatu kuanzia kulia, kisha unatoa na kujumlisha kwa kupokezana, yaani 297 − 967 + 294 − 4, unapata −380, ambayo haigawanyiki kwa yoyote kati ya hizo tatu. Niliendelea kwa kalamu hadi 499, namba tasa 95 kwa jumla, nikachoka, nikaridhika. Hata Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17 (hiki ndicho kisingizio changu hadi leo), aliamini kwamba namba hii, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 32 ukiongeza 1, ni tasa kama 3, 5, 17, 257 na 65,537 zinazoitangulia katika mfuatano wake.

Kesho yake binti mmoja wa dawati la nyuma alinyoosha mkono. "Samahani mwalimu, nimegawanya kwa 641, haikubaki kitu." Tulizidisha ubaoni, 641 mara 6,700,417, na tarakimu zote kumi zikatokea. Sikumpongeza, nilisema muda umekwisha, nikafuta ubao.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usitangaze lolote kabla ya kufikia kipeuo cha pili cha namba yenyewe, ambacho hapa kinazidi 65,536 kwa chembe tu. Narudia: fika kwenye kipeuo. Lakini kabla ya kushika kalamu, ichunguze namba imeundwaje, jambo ambalo ninyi vijana wa kikokotoo hamna subira nalo, nami sikuwa nayo. Euler, mwanahisabati Mswisi aliyeivunja namba hii katika vigawo vyake mwaka 1732, ndiye aliyethibitisha kwamba kila kigawo chake tasa lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 64. Namba tasa za namna hiyo zinaanza na 193, 257, 449, 577, na ya tano ni 641. Migawanyo mitano ingetosha, nami nilifanya 95 na kuishia hatua 21 kabla ya jibu.

Juzi usiku nilikipima kwa kanuni hiyohiyo kile kigawo kikubwa, 6,700,417, kwa kuwa kila kigawo chake ni kigawo cha namba ile ya ubaoni pia. Kipeuo chake hakifiki 2,589, hivyo namba za kujaribu zilikuwa 11 tu, kuanzia 193 hadi 2,113. Zote zilibakiza kitu. Hicho ni tasa, na safari hii nimefika mwisho.