Long Covid na msaada wa serikali Uingereza: maswali yenu

Long Covid ni ile hali ya dalili za Covid kuendelea muda mrefu baada ya kuugua. Wengi mnaouliza mnafanya kea (kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa) na manesingi, na Covid mliipata hukohuko kazini. Najibu machache.

Nafanya kea Leicester kwa visa ya kazi. Tangu Covid pumzi inakata, kichwa hakikai sawa. Rafiki anasema nijaze fomu ya PIP, ile hela ya serikali kwa wenye ugonjwa wa muda mrefu au ulemavu, nijaze?

Pole sana dada. Usijaze kabla hujasoma masharti ya visa yako. Visa nyingi za kazi zinakataza public funds, yaani misaada fulani ya serikali, na PIP pamoja na Universal Credit (msaada kwa wenye kipato kidogo) zimo humo, ukizichukua bila ruhusa unaweza kuharibikiwa huko mbele ukija kurenew. Ila watu wakisikia hivyo wanadhani hamna kitu kabisa, wanajikokota shifti za usiku huku wanaumwa, na hilo linaniuma kweli. SSP, ile hela ya ugonjwa anayolipa mwajiri, haihesabiwi kama public funds, na inaweza kwenda mpaka wiki 28. Baada ya hapo kuna New Style ESA, hela ya serikali kwa anayeshindwa kufanya kazi kwa ugonjwa, nayo haihesabiwi, inatokana na National Insurance unayokatwa kwenye payslip, kwa hiyo wanaangalia kama umechangia vya kutosha miaka ya karibuni. Unaruhusiwa kuiomba miezi 3 kabla SSP haijaisha, mwambie mwajiri akupe fomu ya SSP1, inayoonyesha SSP yako inaisha.

Mimi ni mkimbizi kutoka Congo, karatasi ninazo. Vipimo vyote vinatoka safi, PIP wamenikatalia. Nifanyeje?

Mama, wewe kwa karatasi hizo una haki ya kuomba, na vipimo kuwa safi havikufungii mlango. PIP wanatoa pointi kwa yale usiyoyaweza: kupika, kuoga, kuvaa, kutembea na kadhalika. Ukifikisha 8 unalipwa kiwango cha kawaida, 12 kile cha juu. Wanataka shida iwe na miezi 3 na itarajiwe kuendelea 9 mingine.

Sasa wengi wetu tunaanguka hapa, tunaulizwa unaweza kupika, tunajibu ndio, maana kwetu kusema huwezi kujipikia ni aibu. Sema ilivyo. Ukisonga ugali unaachia mwiko katikati unakaa chini moyo unakwenda mbio, mtoto ndo anamalizia, halafu kesho yake hutoki kitandani, basi hiyo haihesabiki kuwa unaweza. Kanuni zao zenyewe zinataka uweze kwa usalama, kwa kiwango kinachofaa, kurudia kila inapohitajika, na bila kuchukua muda mrefu kupita kiasi. Na wanaangalia siku nyingi zikoje, yaani zaidi ya nusu, kwa hiyo weka daftari, andika kila siku ulichoshindwa na kilichokupata kesho yake.

Una mwezi 1 toka tarehe ya barua kuomba mandatory reconsideration, yaani wautazame upya uamuzi wao. Wakikataa tena nenda tribunal, yaani baraza la rufaa, ni bure, na majaji wale sio wafanyakazi wa DWP, idara ya serikali inayotoa PIP. Omba mkalimani wa Kiswahili, hulipi, usimtumie mwanao kutafsiri mambo ya kuoga na choo.

Bosi anasema long Covid sio ulemavu.

Hilo haamui yeye. Equality Act ya 2010, sheria ya kuzuia ubaguzi, inatazama kama hali inakuzuia sana mambo ya kila siku na imedumu au inaelekea kudumu miezi 12. Mwaka 2022 baraza la kazi Scotland lilikubali kwamba mfanyakazi mwenye long Covid alikuwa na ulemavu kisheria. Sio kila mwenye long Covid atakubaliwa, ila mlango upo. Muombe bosi kwa imeili, sio kwa mdomo: kuanza kazi umechelewa kidogo, kutoinua wagonjwa, mapumziko zaidi. Na copy jitumie kwenye imeili yako binafsi.

Niko Glasgow, PIP naiomba wapi?

Kaka, kwa watu wazima huko Scotland siku hizi badala ya PIP ni Adult Disability Payment, unaomba Social Security Scotland, ofisi ya misaada ya huko. Masharti ya visa angalia vilevile kwanza, na ukikwama kwenye fomu nenda Citizens Advice, shirika la ushauri kwa wananchi, wanakaa na wewe kujaza bila malipo.