Nimepangiwa upasuaji wa uvimbe kwenye kizazi. Je, niache dawa zangu?

Swali: Daktari, nina umri wa miaka 46 na nimepangiwa upasuaji wa uvimbe kwenye kizazi. Ninameza amlodipini na enalaprili kwa ajili ya presha, pamoja na aspirini. Nimeambiwa nisile chochote tangu usiku. Je, dawa nazo niziache? Na kabla ya kusaini fomu niulize nini?

Jibu: Pole kwa maradhi, dada yangu. Nikiwa daktari wa usingizi, ninakuomba usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako, kwani hizo tatu hazifuati kanuni moja. Amlodipini kwa kawaida humezwa hata asubuhi ya upasuaji, kwa funda moja la maji. Enalaprili mara nyingi husimamishwa saa 24 kabla, kwa sababu ikikutana na dawa za usingizi inaweza kushusha presha kupita kiasi. Aspirini huchelewesha damu kuganda, na upasuaji huu unaweza kutoa damu nyingi. Wengi huelekezwa kuiacha takriban siku 7 kabla, lakini aliyewekewa stenti ya moyo (kijibomba kinachoweka wazi mshipa wa damu wa moyo) au aliyewahi kupata kiharusi asiiache mpaka daktari wake aamue. Taja pia miti shamba na vidonge vya kitunguu saumu, hata kama unaona haya, maana navyo vinaweza kuongeza kutoka damu.

Kufunga kula kuna sababu: ukiwa usingizini, chakula kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Kwa mtu mzima, mlo mwepesi ukome angalau saa 6 kabla ya upasuaji, na mlo wa mafuta mengi, kama chapati na nyama ya kukaanga, saa 8. Maji matupu kwa kawaida huruhusiwa hadi saa 2 kabla, ila chai ya maziwa huhesabiwa kuwa chakula. Kwa hiyo uliza utaingia chumba cha upasuaji saa ngapi, kwa kuwa kukaa na kiu tangu usiku hadi mchana hakukupi usalama zaidi.

Kuhusu fomu, swali zito kuliko yote ni hili: utaondolewa uvimbe peke yake, au kizazi chote? Hakikisha jibu hilo ndilo lililoandikwa. Uliza kama kuna tiba nyingine inayokufaa, wingi wa damu yako ni kiasi gani, na kama kuna damu ya kundi lako iliyotengwa. Ikiwa hedhi nzito imekupunguzia damu, ni heri kuitibu kwanza kwa madini ya chuma, endapo upasuaji unaweza kusubiri. Ridhaa ni yako, na unaweza kuiondoa hata baada ya kusaini.

Ondoa rangi ya kucha, na usipake piko vidoleni, kwani vinaweza kuvuruga kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni. Siku yenyewe utaulizwa mara kadhaa jina lako, upasuaji unaofanyiwa na mzio ulio nao. Huo si uzembe, bali ni sehemu ya orodha ya usalama wa upasuaji iliyozinduliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008. Jibu kikamilifu kila mara.