Smash na uhalisia: ugomvi wake naukubali, kazi yenyewe ndiyo siioni

Wakuu, nimeusoma uzi tangu mwanzo na naona tunazunguka palepale. Mleta mada ameuliza kama Smash, ile tamthilia ya NBC ya 2012 na 2013 kuhusu watu wa New York wanaoandaa igizo la muziki la maisha ya Marilyn Monroe, inaonyesha mambo yalivyo au ni chumvi tupu. Kundi moja linasema Karen, binti mgeni anayeigombania nafasi ya Marilyn na Ivy mzoefu, kupewa nafasi hiyo saa chache kabla ya onyesho ni hadithi ya Abunuwasi. Kundi la pili linajibu kwamba nyimbo zimetungwa na Marc Shaiman na Scott Wittman, na waigizaji wake kina Megan Hilty na Christian Borle ni watu wenyewe wa Broadway, zile kumbi kubwa za maigizo za New York, kwa hiyo wanajua wanachokifanya.

Mimi kazi yangu ni nyuma ya pazia hapahapa Dar, miaka mingi sasa, zaidi kama meneja wa jukwaa. Maigizo ya muziki ya shule, ya kwaya, ya vikundi vya Oysterbay na Upanga, na yale ya wafadhili yenye ujumbe wa afya na ngoma mbili tatu katikati. Broadway sijafika. Ila kuwafanya watu ishirini waimbe, wacheze na wasigongane gizani ni kazi ileile popote, na nikiipima Smash kwa hilo, mengi mnayoyapinga mimi nayakubali, na mnayoyapitisha kimya ndiyo yananikera.

Ugomvi kwanza. Huo msiupinge. Wa rika langu mnaikumbuka miaka ya tisini, vikundi vya taarabu vya TOT na Muungano. Khadija Kopa huku, Nasma Khamis kule, mipasho inarushwa, mashabiki wamegawanyika mtaa kwa mtaa na kumbi zinajaa kwa sababu ya vita hiyohiyo. Ivy na Karen wanakatana macho kwenye korido, basi mnasema wamezidisha. Sisi tulilipa kiingilio kwenda kusikia nani leo atamjibu nani!

Kuna mdau kalalamika kwamba watu wako mazoezini na tisheti, mara taa zinabadilika, gauni linameremeta, bendi nzima inapiga. Mkuu, umekulia kwenye sinema za Kihindi halafu hilo ndilo la kukusumbua? Pale tunaonyeshwa mhusika anavyoliwaza onyesho likishakamilika. Tuendelee.

Suala la Karen. Mwigizaji wa akiba kupanda ghafla lipo, tena lina ushahidi. Mwaka 1954 Carol Haney aliumia mguu wakati wa igizo la muziki la The Pajama Game pale Broadway, akapanda Shirley MacLaine aliyekuwa akiba yake, na hapo ndipo mtu wa Hollywood alipomwona. Kwa hiyo Derek, mwongozaji, kumpa Karen nafasi baada ya Rebecca Duvall, nyota wa sinema aliyekuwa Marilyn, kujiondoa, sina neno. Ninachokataa ni kuona Karen peke yake ndiye anayehangaika siku hiyo. Rebecca kaigizwa na Uma Thurman, mwanamke mrefu kweli. Magauni yamekatwa kwa mwili wake. Wigi limeshonwa kwa kichwa chake. Vijana wanaombeba juu kwenye nyimbo wamezoea uzito wake, na mtu wa taa anajua uso wake utafika wapi akisimama. Ukimbadilisha Marilyn umeibadilisha jioni ya kila mtu jengoni, hadi yule anayesogeza kitanda.

Niwape mfano wa kwangu. Tulikuwa na onyesho ambalo binti anatoka jukwaani na kanga, anarudi na gauni la harusi. Muda wake ni ubeti mmoja, kwaya inaendelea kuimba. Gauni tulilitandaza sakafuni limefunguka katikati, yeye anaingiza miguu tu na mama wa mavazi analivuta juu. Zipu tuliitoa tukaweka velkro, ule mkanda wa kunatana, mgongoni, kwa sababu zipu gizani ni adui. Mama wa mavazi ana tochi ndogo mdomoni, mimi nimepiga magoti nimeshika kiatu cha kushoto, kijana wa vifaa ameshika cha kulia. Asubuhi nzima tulirudia hilo tu, bila wimbo wala maneno. Sasa binti akaugua, akaingia mwenzake aliyekuwa anazijua nyimbo zote kuliko hata mwenyewe. Sauti ilikuwa nzuri mno. Velkro ndiyo iligoma, haikufika. Akarudi jukwaani na gauni lake, mgongo umefunikwa kwa ile kanga aliyotoka nayo, na ukumbi ukapiga vigelegele ukidhani ndivyo tulivyopanga. Smash ingenionyesha dakika mbili za namna hiyo na Karen, ningeufunga mdomo wangu.

Kitu ambacho wamekipatia na hakuna aliyekitaja ni sauti. Msimu wa kwanza Ivy koo linamshika, anameza prednisone, halafu anaanza kuona mauzauza. Mmecheka, lakini waimbaji wa jukwaani hupewa kweli dawa za jamii hiyo uvimbe wa nyuzi za sauti unapotishia onyesho, na dawa hizo zinaweza kumvuruga mtu usingizi na akili. Broadway kawaida ni maonyesho nane kwa wiki. Nane! Koo lisilolindwa halivuki hapo. Kwetu maradhi ya koo yana sura nyingine: mwimbaji wako mkuu ana harusi Jumamosi. Hawezi kuikataa, maana malipo ya usiku mmoja wa ukumbini Sinza yanazidi alichopewa kwenye igizo zima. Anaimba hadi saa nane za usiku, Jumapili mchana anakuja na chupa ya tangawizi, asali na limau, anaongea kwa kunong'ona, na wewe unamwangalia mwongozaji, mwongozaji anakuangalia wewe. Huyo ndiye Ivy ninayemfahamu, na hakuwa na mpinzani aliyemsubiri pembeni. Hakukuwa na mtu wa akiba kabisa, bajeti haikuruhusu.

Habari ya fedha nayo wameigusa vizuri kupitia Eileen, mtayarishaji anayezunguka kutafuta wawekezaji huku akimmwagia mume wake wa zamani kinywaji usoni (hilo la kinywaji ni burudani, mwacheni). Igizo kubwa la muziki Broadway linameza zaidi ya dola milioni kumi kabla ya tiketi ya kwanza kuuzwa, na mengi hayarudishi kilichowekwa. Hata Smash yenyewe ilipogeuzwa kuwa igizo la jukwaani ilifunguliwa Imperial Theatre tarehe 10 Aprili 2025 na kufungwa tarehe 22 Juni, pamoja na nyimbo zake zilizokwisha kupendwa na mashabiki waliosubiri miaka. Dar hatuna mwekezaji anayedai faida, tuna mdhamini. Yeye anataka nembo yake kwenye bango la nyuma iwe kubwa kuliko jina la igizo, kadi za bure za viti vya mbele, na dakika tano za hotuba kabla ya pazia. Niliwahi kusimama pembeni na waigizaji wamejipaka rangi, wamejipanga, jasho linawatiririka, huku hotuba ikifika dakika ya ishirini. Eileen hajapitia hilo.

Ellis simzungumzii sana. Msaidizi anayesikiliza mlangoni yupo kila kazi. Msaidizi wa kumtilia karanga mtu anayedhuriwa na karanga ni tamthilia imeishiwa.

Ila kwa Kyle, yule mwandishi kijana wa igizo, nawapinga wote mliosema kifo chake msimu wa pili kimebandikwa ili tulie. Jonathan Larson, mtunzi wa igizo la muziki la Rent, alifariki alfajiri ya tarehe 25 Januari 1996, siku ambayo onyesho la kwanza la majaribio lilikuwa lifanyike. Alikuwa na miaka 35. Hakuyaona mafanikio ya kazi yake. Ukiiandika hivyohivyo bila kusema ni kweli, humu mtasema mwandishi kazidisha.

Narudi kwenye kinachonikera. Ni muda. Kwenye Smash Tom, mtunzi wa muziki, anagusa piano, Julia, mwandishi wa maneno, anapata mstari, kesho yake watu kumi wanaucheza wimbo bila kukosea hatua. Wiki ya ufundi, pale taa, sauti, mapazia na waigizaji wanapokutanishwa kwa mara ya kwanza, ndiyo moyo wa kazi, na inachosha kuliko chochote. Kwa taratibu za chama cha waigizaji cha Marekani kuna siku za wiki hiyo ambazo watu wanaruhusiwa kufanya kazi kwa muda wa saa kumi ndani ya saa kumi na mbili. Zote hizo zinaishia kwenye "simama hapo, usitikisike, tunarekebisha taa". Mwigizaji anasema neno moja, anasimamishwa, anarudi nyuma, analisema tena. Hapa kwetu ongeza umeme kukatika katikati, jenereta kuwaka, na kompyuta ya taa kuanza upya na kusahau kila ulichoihifadhi. Au umeme upo, lakini mpiga ngoma yuko Ubungo kwenye foleni na anakwambia "nimeshafika" kwa sauti ya mtu ambaye hajafika. Hakuna anayegombana wiki hiyo. Nguvu za kugombana zinatoka wapi? Watu wanalala kwenye viti vya ukumbi wamejifunika vitenge vya maonyesho.

Na katikati ya yote kuna mtu mmoja, meneja wa jukwaa, mwenye jalada nene, kavaa kisikilizio, anasema "stendibai taa" halafu "go", mara mamia kwa usiku mmoja, na bila sauti yake hakuna kinachosogea. Akichelewa kidogo, pazia linamshukia mtu kichwani. Smash wanaye. Anaitwa Linda, kaigizwa na Ann Harada, na misimu yote miwili kazi yake kubwa ni kuwaambia watu mapumziko yamekwisha.

Mleta mada, ukitaka kujipimia mwenyewe usianze na kipande cha mwisho ambacho kila mtu anakigombania. Chukua cha 13 cha msimu wa kwanza, kile cha wiki ya ufundi Boston, ukiangalie mara mbili. Mara ya pili waache Derek na Ivy waendelee na yao, wewe mfuate Linda kila anapotokea. Uje utuambie umemwona mara ngapi, maana kurasa zote hizi za ubishi sijaona hata mmoja wenu akimtaja.