Kula Seoul kwa bei ya mwanafunzi: muite mama mdogo

Miezi miwili ya mwanzo nilipokuja kusoma Seoul chakula changu kilikuwa mayai ya kuchemsha, ndizi, na tambi za pakiti zenye alama ya halali. Pesa ilikuwa ndogo, lakini haikuwa sababu kubwa. Chini ya chumba nilichopanga palikuwa na mkahawa wa meza sita. Kila mchana unajaa, na harufu ya mafuta ya ufuta na vitunguu thomu inapanda hadi dirishani kwangu. Nikipita mlangoni naharakisha. Nilikuwa naogopa mambo mawili: kula nguruwe bila kujua, na kukaa mbele za watu nisijue pa kuanzia. Basi nawaandikia nyinyi ndugu zangu mnaokuja huku kusoma, kufanya kazi au kutembea, msije mkapoteza miezi miwili kama mimi.

Kwanza, msianzie Myeongdong, mtaa wa maduka wanakojaa watalii. Pale chakula cha barabarani kimewekwa kwa ajili ya wageni na bei yake ni ya wageni. Tafuta mama ntilie wa Kikorea, maana wapo, tena kila mtaa. Utamjua kwa orodha ya vyakula iliyobandikwa ukutani pamoja na bei, meza zilizobanana, na wafanyakazi wa ofisi za karibu wanaoingia kwa mkupuo saa sita mchana. Kuna wanaouza baekban, neno ambalo maana yake ni wali mweupe tu, lakini ukiuagiza unaletewa wali, supu na visahani vinne, vitano vya mboga. Kuna na maduka ya gimbap, wali uliosokotwa ndani ya mwani pamoja na karoti, yai na figili ya kusindika. Mimi gimbap moja hunitoka won, yaani pesa ya Korea, 4,000 hivi, na bakuli la mchuzi pamoja na wali won 8,000 hadi 10,000. Mitaa ya vyuo kama Sinchon ndiko pazuri kuanzia, kwa sababu wanafunzi hawana subira na chakula ghali.

Nenda saa tano na nusu, au saa saba ikishapita. Saa sita kamili hupati kiti, na mikahawa mingi hufunga saa tisa hadi kumi na moja jioni ili wapishi wapumzike.

Siku niliyoingia ule mkahawa wa chini ilikuwa mwezi wa Julai, mvua imekaza tangu asubuhi. Nilikaa nikasubiri kuletewa kijiko. Hakikuja. Mama mwenyewe, mtu mzima wa kiasi cha miaka sitini, alinitazama, akaja, akainama na kuvuta droo ndogo iliyo ubavuni mwa meza. Humo ndimo vilimokuwa vyote. Akatandaza karatasi laini mezani, akaweka juu yake kijiko cha chuma chenye mpini mrefu na vijiti viwili bapa, navyo vya chuma. Halafu akashika mkasi akanikatia kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, vipande vidogo vidogo. Hakusema neno. Kwetu mkasi ni wa nguo, kwa hiyo nilishtuka kidogo, lakini hapa ni chombo cha jikoni na cha mezani, wanakatia hata tambi na nyama.

Basi jueni: vijiko vimo kwenye droo au kwenye kasha lililo juu ya meza. Maji ni ya bure, na mara nyingi unajichotea mwenyewe. Vile visahani, wanaviita banchan, havina bei. Vimo ndani ya chakula ulichoagiza, na ukimaliza unaomba tena, au unajipakulia kama kuna meza yake. Ila chukua unachoweza kukimaliza, kwani kubakisha sahani iliyojaa ni kumdharau aliyepika. Kumuita mhudumu ni kwa sauti, au kwa kubonyeza kengele iliyo mezani. Wenyewe wanasema "yogiyo", yaani hapa jamani.

Lakini kuna neno jingine nalipenda zaidi. Kwenye mikahawa hii midogo mteja humwita mama mwenye kupika "imo". Imo ni dada yake mama. Mama mdogo! Niliposikia kijana wa meza ya pili akipaza sauti "Imo, kimchi kidogo tena", moyo wangu ulitulia. Sisi tuliolelewa kumwita kila mama mtu mzima mama au bi mkubwa tunalijua jambo hili bila kufundishwa. Tangu siku ile namwita imo, na yeye kila nikiingia ananiuliza kama nimekula.

Na vile visahani, vitazameni vizuri. Nimekuta dagaa wakavu waliokaangwa kwa sukari na ufuta, wadogo kabisa, wa kuliwa na vichwa vyao. Supu nyingi hapa hutengenezwa kwa kuchemsha dagaa, kwa hiyo usishangae ladha yake kukurudisha nyumbani. Nimekuta na mwani. Mama yangu amelima mwani Jambiani, Zanzibar, maisha yake yote, kufunga kamba, kuvuna maji yakitoka, kuanika, kuuza kwa kilo, na nyumbani kwetu hatukuwahi kuutia mdomoni. Ni aina nyingine na huu, najua, lakini nilipoletewa karatasi nyembamba za mwani uliookwa kwa mafuta ya ufuta na chumvi, nilikula huku namfikiria yeye akiwa majini. Wakorea wana supu ya mwani wanayomnywesha mzazi aliyejifungua, kama sisi tunavyompa uji wa pilipili manga, na hiyo hiyo wanainywa siku ya kuzaliwa.

Sasa suala la nguruwe, ambalo ndilo mnaloniuliza zaidi. Wiki ya kwanza ya kula nje, mahali pengine, niliagiza mchuzi wa kimchi nikidhani ni kabichi na pilipili tu. Katikati ya bakuli nikakuta kipande cheupe chenye mafuta. Niliuliza, nikajibiwa ndiyo, ni nguruwe. Niliacha, nikalipa, nikatoka na huzuni kubwa. Sikudanganywa na mtu, sikuwa nimeuliza. Basi ulizeni kila mara. Mchuzi wa kimchi kwa kawaida una nguruwe. Gimbap ya kawaida ina kipande chekundu cha hemu, nyama ya nguruwe ya kusindika. Supu inayotajwa kwa neno dwaeji ni ya nguruwe, neno lenyewe ndilo hilo. Nyama za kuchoma nyingine hulowekwa na mvinyo wa mchele. Mchuzi wa tofu laini ya maharage ya soya, sundubu, huwa na chaza na yai, lakini kuna wanaotia nguruwe wa kusaga, kwa hiyo nao uliza.

Sentensi zangu mbili, zisomeni kama Kiswahili: "dwejigogi durogayo?" yaani mna nguruwe humu, na "hem pejuseyo", niondolee hemu. Ziandikeni pia kwa herufi za Kikorea kwenye simu mkazionyeshe, maana matamshi yetu huchukua muda kuzoeleka. Bibimbap, wali wenye mboga na yai juu yake, unaweza kuomba bila nyama na hakuna atakayekushangaa. Kuhusu kuku na ng'ombe wasiochinjwa kisheria kila mtu ana mpaka wake. Mimi nimebaki kwenye samaki, mayai, tofu na mboga, na nikitamani nyama napanda treni ya mstari wa 6 hadi Itaewon, kwenye mitaa inayozunguka msikiti mkuu wa Seoul uliofunguliwa mwaka 1976. Huko halali ipo, ingawa bei inapanda kidogo.

Mlo ninaompeleka kila mgeni wangu ni kibua. Shuka kituo cha Jongno 5-ga, ufuate uchochoro wa samaki wa kuchoma kuelekea Dongdaemun. Wanawachoma nje, moshi umetanda, ngozi inapasuka na mafuta yanachuruzika. Unaletewa kibua mzima aliyepasuliwa katikati, wali kwenye bakuli la chuma lenye mfuniko, supu na banchan. Ukifumba macho, moshi ule ni wa Forodhani, kwetu Unguja. Ukishashiba ingia soko la Gwangjang, lililo hapo hapo, soko la tangu 1905, uwatazame wanawake wakisaga choroko, pojo kama wasemavyo Mombasa, kwa mawe yanayozunguka, kisha wakikaanga maandazi bapa ya uji huo. Yale nayo uliza kwanza, maana wapo wanaochanganya nyama.

Ukiwa peke yako usiingie penye majiko ya kuchomea mezani. Huko huanzia kuagiza sehemu za watu wawili, na mimi nimeshaambiwa hapana mlangoni. Usichomeke vijiti wima kwenye wali, ni ishara ya matanga. Wali uliwe kwa kijiko na bakuli libaki mezani. Ukiwa na mtu mzima, msubiri aanze, na ukimpa kitu tumia mikono miwili. Hili la mwisho mlishafunzwa nyumbani.

Unalipa kwa mashine ya kuagizia mlangoni, au kwenye kaunta unapotoka. Bahashishi haipo, ukiacha pesa mezani watakukimbilia barabarani kukurudishia. Sema tu "jal mogossumnida", nimekula vizuri. Mimi juzi nilisema hivyo nikiwa nimeshika mlango, na imo kutoka jikoni akanijibu kwa sauti kwamba kesho ana mchuzi wa maboga, niwahi kabla ya saa sita, sufuria yangu ataiweka kando kabla hajatia nyama.