Muulize Anti Uzi: Kucha ndefu na kroshia, lazima nichague moja?

Toleo lililopita nilichomekea sentensi moja tu kwamba jioni nafuma na Jumamosi napaka kucha, basi mmeniandikia mpaka mhariri kaniuliza hii kolamu imekuwa saluni au. Haya, nimechagua chache. Wale mlioniuliza habari za mawifi nimewaweka mwezi ujao, msininunie.

*Anti Uzi shikamoo. Naishi Tanga, nina miaka 29. Ukimtoa mwanangu, napenda vitu viwili tu, kufuma kroshia na kutengeneza kucha. Shida nikiweka kucha ndefu uzi unanasa, nikizikata naona kama mikono sio yangu. Mama mkwe kasema mtu mwenye kucha vile hafumi, anajishaua tu. Nichague kipi? — Mwenye Kucha Zake*

Marhaba mwanangu. Usichague. Mkimbiaji Florence Griffith Joyner alishinda dhahabu tatu Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 na makucha yake marefu yenye rangi, na rekodi yake ya mita 100, sekunde 10.49 ya mwaka huohuo, mpaka leo hakuna mwanamke aliyeifuta. Na kumbuka mkimbiaji anaanza vidole vikiwa chini. Sasa wewe kitambaa cha kochi ndio kikushinde?

Kinachonasa uzi sio urefu, ni kona. Kucha iliyokatwa mraba ina pembe mbili na kila pembe ni ndoano, ikibanduka kidogo tu pembeni ndio balaa kabisa. Chonga umbo la lozi, piga msasa laini kwenda upande mmoja, usikwangue mbele na nyuma kama unanoa kisu, halafu ile rangi ya juu isiyo na rangi (ndio, inaitwa rangi na haina rangi) ipitishe mpaka kwenye ncha kabisa, ukingo wenyewe wa kucha, hapo ndo wengi wanaparuka. Mawe na vipande vya kung'aa weka kwenye vidole visivyofanya kazi. Kama unatumia mkono wa kulia, kidole cha shahada cha kushoto ndio kinapitisha uzi na dole gumba na cha kati vinabana kazi, hivyo vitatu viache na rangi tupu, kidole cha pete na kidogo vivalishe hata lulu, hakuna anayekukataza.

Kushika sindano nako kuna siri. Mi zamani nilishika kama kisu, vidole vinajikunja, kucha zinanichoma kiganja, nikawa naacha kufuma nusu saa tu. Nikahamia kushika kama kalamu, na sindano yenye mpini mnene wa mpira, shida ikaisha. Ile duara ya kuanzia inayovutwa kwa kidole kwenye midoli, wenye kucha ndefu inawatesa bure, anza na cheni nne uziunganishe, tundu dogo litabaki katikati utaliziba mwishoni na ule mkia wa uzi. Na uzi wa manyoya manyoya achana nao, chukua wa pamba uliosokotwa ukabana.

Halafu sasa tuje kwenye raha yenyewe. Mi huwa nachukua mabaki ya uzi naenda nayo kwenye meza ya rangi, kucha zinafuata kazi niliyonayo mkononi. Mwaka jana nilikuwa nafuma shali ya rangi ya embe bivu na kijani cha jani la mgomba, nikapaka kucha embe na mstari mmoja wa kijani, kila nikishika ile kazi nacheka peke yangu. Ukiishiwa michoro fungua kabati la kanga! Kanga ina pindo na mji, na kucha hivyohivyo, chora pindo jembamba ukingoni na korosho moja katikati, utatumia kijiti cha meno na kichwa cha pini, nukta kubwa unaanza nayo kisha unaivuta mkia kabla haijakauka. Kisutu kwenye kucha kumi, nyekundu nyeusi nyeupe, nimeiona kwa bi harusi mmoja nusura nilie.

Mama mkwe mfumie kitambaa cha tivii umpelekee na kucha zako zikiwa hapohapo. Usimwambie kitu.

*Anti mambo. Nimejifunza kroshia kwa video miezi minne sasa. Nikapewa kitabu cha zamani cha mifumo, nikafuma sweta ya mtoto wa mwaka mmoja, imetoka mimi mwenyewe naingia. Nimehesabu kila mshono jamani, nimekosea wapi? — Sweta Kubwa, Morogoro*

Poa. Pole, ila nimecheka mpaka nimeangusha sindano. Hujakosea kuhesabu, umekosea nchi. Waingereza na Wamarekani wanatumia majina yaleyale kwa mishono tofauti. Ule mfupi Mmarekani anauita singo, Mwingereza anauita dabo. Dabo ya Mmarekani, ile unayozungusha uzi mara moja kabla ya kuingiza sindano, kwa Mwingereza ni trebo. Video nyingi ni za Kimarekani, na vitabu vya zamani huku kwetu vingi vina asili ya Uingereza, kwa hiyo kitabu kimesema dabo wewe ukafuma dabo ya kwenye video, ambayo ni ndefu karibu mara mbili, kila mstari umepanda, mistari arobaini ikapanda, ndo umeingia mwenyewe.

Namna ya kujua ni rahisi, tafuta neno singo (single) kwenye karatasi ya mfumo. Likiwepo ni ya Marekani, maana Mwingereza hana mshono wenye jina hilo. Na kabla ya kuanza nguo yoyote fuma kipande cha sentimita 10 kwa 10 ulinganishe na walichoandika, najua kinachosha, mimi mwenyewe nakiruka nikiwa na haraka na kila nikikiruka najuta. Sweta vaa wewe. Baridi ya milima ya Uluguru ipo.

*Anti Uzi, nilinunua taa ndogo na seti ya jeli ya kucha kwa simu, bei chee, nikawa najitengenezea nyumbani. Mwezi wa pili vidole vikaanza kuwasha, ngozi pembeni ya kucha inatoka vilengelenge na kubabuka. Aliyeniuzia kasema nipake losheni. Sasa naogopa hata kufuma maana uzi wangu umeandikwa akriliki, na kucha za akriliki wanasema ndio mbaya. — Vidole Moto, Mwanza*

Acha jeli leo. Sio wiki ijayo ukimaliza chupa. Hiyo inafanana sana na aleji ya zile kemikali za jeli na akriliki ya kucha kabla hazijakauka sawasawa, nenda kwa daktari wa ngozi akuangalie, losheni ya muuzaji haitibu hiyo. Inavyotokea ni hivi: jeli ikigusa nyama pembeni ya kucha, au taa ikiwa dhaifu, au umepaka nene sana, ile ya chini inabaki mbichi na mwili unaijua kama adui. Na ukishapata hiyo aleji kwa kawaida haitoki, ndio maana nasema acha sasa. Ukienda kwa daktari wa meno mwambie, maana vitu vya kuzibia meno vingine ni ndugu wa hizo kemikali.

Uzi wako hauna hatia. Jina moja vitu viwili. Uzi wa akriliki ni plastiki nyingine kabisa na ilishakuwa kavu tangu kiwandani, fuma tu. Vidole vikiwa na vidonda tumia pamba kwa sababu ni laini zaidi, basi.

Wengine mmeniuliza kuhusu ile marufuku ya Ulaya. Ni kweli, tangu tarehe 1 Septemba 2025 Umoja wa Ulaya umekataza TPO kwenye vipodozi, ni kitu kinachosaidia jeli kukauka kwenye taa, ila kisa chao ni wasiwasi wa uzazi, sio aleji, msichanganye. Mi nasoma maandishi ya nyuma ya chupa, na chupa isiyo na maandishi ya nyuma siinunui hata iwe bure.

Kucha zako zitarudi. Ya mkononi inakua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo hesabu nusu mwaka mpaka ile iliyoharibika yote iwe imekatwa. Wakati unasubiri usijibandike kitu juu kuficha.

*Niaje Anti. Mimi ni kijana wa Nakuru, 24. Shosho alinifunza kushona vitambaa nikiwa mdogo, saa hii natengeneza hadi kofia na begi. Vijana wa ploti wananicheka ati nimekuwa shosho. Niendelee? — Kijana wa Uzi*

Poa kijana wangu. Endelea. Waulize nani anafuma nyavu kule pwani, nani amekaa nyuma ya cherehani kwenye kila baraza. Na kucha je, wale vijana wa Dar wenye vikapu vya rangi wanaozunguka mtaa kwa mtaa kuosha miguu ya wadada na kupaka kucha, ni wanaume wale, na wana mkono mtulivu kuliko mimi, waume za watu wanalalamika kila siku lakini hakuna aliyewahi kulalamika kwamba rangi imevuka mstari. Tom Daley, yule mpiga mbizi Mwingereza, kwenye Olimpiki ya Tokyo alikaa jukwaani anafuma watu wote wanamtazama, na dhahabu alikuwa keshachukua.

Wakicheka tena wafumie kofia. Mwezi wa saba Nakuru inajua baridi, watazivaa wote.

*Assalaam alaykum Anti. Napenda sana michoro ya kucha lakini naswali, rangi inazuia maji ya udhu. Nasubiri siku zangu tu ndo nipake, siku tano sita natoa. Kuna njia? — Bint wa Old Town, Mombasa*

Waalaykum salaam. Habari za udhu muulize ustadhi wako, mimi ni fundi wa uzi. Ninachojua ni kwamba rangi ya kucha inakaa juu ya kucha kama ngozi, hina inaingia ndani inaacha rangi tu, ndo maana bibi zetu walitembea na vidole vyekundu mwaka mzima na mswala hawakuuacha. Kwa hiyo mchoro wako ufanye kwa hina. Kata utepe wa kubandika vipande vyembamba, bandika kwenye kucha unavyotaka, mistari au nusu mwezi, paka hina nzito iliyokorogwa na limau na sukari kidogo, kaa nayo masaa ya kutosha, lala nayo ukiweza, asubuhi toa utepe. Palipofunikwa pamebaki peupe. Haifutiki kwa maji, inaondoka kucha ikikua, kwa hiyo mwezi wa pili mchoro umeshapanda juu na unaweza kuanza mwingine chini yake, zikakutana. Mi hiyo ya kukutana ndo naipenda kuliko zote.

Ila hina ya kweli haiwi nyeusi ti. Ukiambiwa hina na ni nyeusi, hiyo ni piko au imechanganywa rangi ya nywele, na inaunguza watu vibaya, nimeona mkono wa mtoto wa watu umevimba siku ya harusi.

*Anti, mimi ni mhasibu Dodoma. Jioni nafuma, naangalia tamthilia, nafurahi. Kila mtu ananiambia uza, uza, una mikono ya hela. Nikakubali oda tano za viblauzi. Mwezi mzima nimefuma kitu kilekile rangi ileile mpaka nikawa nikiona uzi moyo unaenda mbio. Mteja mmoja kaniambia mbona ghali wakati mitumba ipo. Sasa nimeacha na kufuma kwenyewe. Nifanyeje nirudi? — Nimechoka na Uzi*

Huyu ndiye aliyenifanya niandike usiku.

Dada, wewe ni mhasibu, tupige hesabu. Tuseme kiblauzi kimoja masaa 20, uzi elfu 15, umekiuza elfu 35. Umebaki na elfu 20, yaani buku moja kwa saa. Mchana unalipwa kwa akili yako halafu jioni unajilipa buku, na juu yake mtu anakwambia ghali! Na huyo wa mitumba mjibu hivi: kroshia haijapata mashine ya kiwandani ya kuifuma. Sweta unaweza kufumiwa na mashine, kroshia halisi kila kipande unachokiona duniani, hata kile cha mtumba cha elfu tatu, kuna mtu alikaa na sindano mkononi. Urahisi ule kuna mtu kaulipia, sio wewe unayepaswa kuwa wa pili.

Kuuza sio vibaya, wapo wanaolea watoto kwa vitambaa na nawaheshimu, ila wao waliamua iwe kazi. Wewe ulikuwa na kazi tayari, ulichokuwa nacho jioni kilikuwa kitu kingine, na watu wakikupenda sijui kwa nini wanataka kukigeuza duka. Hakuna anayemwambia mtu anayeangalia mpira auze kuangalia kwake. Shoga yangu mmoja anachora kucha vizuri mpaka basi, anachora za kwake na za dada zake wawili, wakija majirani anasema "mi sipaki, nacheza tu," anafunga kopo. Lichukue hilo jibu, halina gharama.

Kurudi sasa. Usianze na kiblauzi, mkono utakumbuka. Toa mabaki yako yote hata rangi zinazogombana, fuma kiraba kimoja kidogo kwa siku, mizunguko minne mitano, ukichoka wa tatu simamia hapo. Usichague rangi, ingiza mkono kwenye mfuko utoe. Usimwonyeshe mtu. Vikifika mia una blanketi, na kama vitaishia kumi na saba una kitu cha paka kulalia. Ukifika kwenye kuviunganisha niandikie, nina ugomvi wa miaka na dada yangu kuhusu kuunganisha kwa nyeupe au nyeusi na nataka kura yako.