TEHAMA au usimamizi ukiwa tayari kazini: jibu kutoka Mtwara

Mkuu, umesema una diploma ya TEHAMA, uko halmashauri moja huko Lindi, umri unakimbilia arobaini, na hujui uchukue degree ya TEHAMA au ya usimamizi. Mimi nilipita njia hiyo nikitokea upande wa pili. Nilikuwa nasimamia ghala la ushirika hapa Mtwara, nikachukua TEHAMA. Wenzangu walinishangaa, maana kwao degree ya mtu mzima ni ya utawala.

Usimamizi nilishausomea ghalani. Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba, malori ya AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima) yanapanga foleni mpaka barabarani, makuli wanagoma jua la saa nane, karani wa chama anabisha kwamba kilo alizopima kijijini si hizi unazompa, na mzigo mwingine umekataliwa kwa unyevu. Ukimaliza misimu kadhaa hapo, kuongoza watu unakujua, upende usipende. Database ndiyo ilinishinda kujifundisha peke yangu.

Faida niliiona kwenye malipo. Chini ya stakabadhi ghalani, yaani mkulima anaweka mzigo ghalani, anapewa risiti na unauzwa mnadani, hela yake inapita benki. Sasa kwenye orodha ya chama ameandikwa jina la kijijini, kwenye akaunti lipo la kitambulisho. Hela inarudi. Mzee anafunga safari kutoka Tandahimba na karatasi aliyoikunja mara nne, anakuuliza kwa upole kabisa (upole wenyewe ndio unaoumiza) hela yake iko wapi. Nilipojua kulinganisha orodha mbili kabla hazijatumwa, majina hayo tukawa tunayanasa mapema, na mimi nikaanza kuitwa vikaoni. Siku hizi minada inaendeshwa kwa mfumo wa TMX, soko la bidhaa la Tanzania. Anayeijua korosho na mfumo kwa pamoja anatafutwa.

Kwa hiyo mimi naamini degree ikupe kile ambacho kazi haikupi. Ungekuwa kampuni binafsi, tuseme kiwanda cha saruji au kwenye gesi huku Madimba, ningekwambia usimamizi bila kusita, kwa sababu kompyuta unaijua tayari.

Lakini uko serikalini, na huko kuna muundo wa utumishi. Degree ya utawala haikupandishi ndani ya kada ya TEHAMA. Itabidi uombe kubadilishiwa kada, na hapo unasubiri ikama (idadi ya nafasi zilizoidhinishwa), bajeti na kibali. Wapo watu wana degree kabatini na mshahara ni uleule wa diploma. Ukileta ya TEHAMA, angalau unaomba uafisa kwenye kada yako mwenyewe. Usimamizi uuchukue baadaye kama masters. Kabla hujalipa ada, nenda kwa afisa utumishi umuulize cheo gani kitafuata, na ruhusa ya masomo uipate kwa maandishi.

Vyuo: TIA (Taasisi ya Uhasibu Tanzania) wapo Mtwara mjini, ila wao zaidi ni uhasibu, ununuzi na biashara. Kwa TEHAMA bila kuacha kazi, waulize Chuo Kikuu Huria, wana kituo Lindi na Mtwara.

Halafu angalia kalenda. Mimi masomo yaligongana na msimu, nikaomba likizo ya mwaka nichukue vipandevipande. Wewe ogopa Mei na Juni, halmashauri ikifunga mwaka wa fedha: kila idara itakuita mfumo ukigoma, na mitihani haitakusubiri.