Ukifundisha Takadini usimsimamishe yule mtoto

Juzi kanitumia meseji mwalimu mmoja wa ajira mpya, kapangiwa shule huko ndani ndani Uvinza. Anasema shikamoo madam, nimepewa Kiingereza kidato cha tatu, nafundisha Takadini, watoto wananitolea macho tu, halafu darasani nina mwanafunzi mwenye ualbino, nawaza nimtumie kama mfano ili wenzie waelewe, unanishauri nini? Niliisoma nikiwa sokoni Mwanga napimiwa dagaa, nikamwambia mama wa dagaa subiri kwanza. Mdogo wangu, usithubutu. Nilitaka nimjibu kwa kifupi ila najua mko wengi mnaotaka darasa lenu liipende fasihi na sio kukariri tu, kwa hiyo naandika hapa.

Kwa asiyekijua, Takadini ni riwaya ya Ben Hanson ya mwaka 1997, mambo yanatokea Zimbabwe ya zamani. Sekai, mke wa Makwati, kakaa miaka na miaka hana mtoto, anakuja kujifungua anazaa musope, yaani mtoto mwenye ualbino, na mila inataka mtoto wa hivyo asiishi. Mama anatoroka naye. Hata hilo jina Takadini kwa Kishona ni kama kusema "tumefanya nini?" Wanapokelewa kijiji cha chifu Masasi, mzee Chivero anawahifadhi na ndiye anamfundisha mtoto kupiga mbira, ala yao ya muziki, ila watoto wa kijijini hawachezi naye, mama zao wamewakataza. Wengi tuliosoma sekondari Tanzania tumepita hapo, au niseme ukweli, tumepita kwenye pamfleti yake.

Sasa mimi. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa shule ya kata moja barabara ya Kasulu, darasa la watoto sabini na kitu, vitabu vitatu, kimoja hakina jalada. Nimetoka chuo kichwa kimejaa mbinu shirikishi. Kulikuwa na binti mwenye ualbino, mpole, anakaa dawati la mbele kwa sababu haoni mbali. Na hapa Kigoma sio kwamba watu hawajui hayo mambo, miaka ile ya 2007 na 2008 mauaji ya watu wenye ualbino yalipochacha kanda ya ziwa na huku kwetu, watoto wenye ualbino walikuwa wanakimbiziwa Kabanga pale Kasulu wakalindwe shuleni. Mimi nikaona nina bahati, nina Takadini wangu mwenyewe darasani. Nikamsimamisha asome. Maandishi madogo, akakisogeza kitabu mpaka puani, wenzie wakaanza kucheka chinichini, mi nikajifanya sisikii. Alipomaliza nikamwuliza mbele ya wote, haya tuambie, ukisoma hapa unajisikiaje?

Kimya. Halafu kutoka nyuma mvulana mmoja akasema neno moja tu, "dili." Darasa zima likaangua kicheko.

Kama hujui hilo neno lina maana gani likitupiwa mtoto wa hivyo, basi shukuru. Lina maana yeye ni pesa. Binti akafunga kitabu akakaa, kesho hakuja, keshokutwa hakuja, wiki ya pili akaja mama yake peke yake, katoka kijijini na basi la alfajiri. Hakugomba. Alisema, "Mwalimu, mi nilimleta mwanangu asome, sikumleta asomwe." Nimefundisha miaka mingi sasa, nimepewa na cheti cha mwalimu bora (kipo sebuleni, ndiyo, nimekitundika), lakini hiyo sentensi bado inaniamsha usiku.

Tuliporudi kutoka likizo ya mwezi wa sita binti akarudi, nikaanza upya kabisa na sikumgusa. Nikaacha kuuliza Takadini anajisikiaje maana jibu kila mtoto analijua, anajisikia vibaya, imeisha hiyo. Nikaenda kwa Nhamo, yule kijana anayemwonea Takadini humo kitabuni. Nikawaambia kila mtu achane karatasi, asiandike jina, aandike kwa Kiswahili siku aliyomcheka mtu huku anajua kabisa anakosea. Nyingine niliandika mimi ya kwangu nikaichanganya humo. Zilivyokuja, jamani. Mwenye kifafa aliyeangukia paredi. Mtoto aliyeitwa mkimbizi mpaka akaacha shule. Na kuna moja ilisema tu "mimi ndio nilisema dili."

Halafu nikauliza nani ameshawahi kushushwa kwenye basi akiwa safarini akaulizwa kama kweli ni Mtanzania, kisa katokea Kigoma? Mikono kibao. Wakaongea dakika arobaini, Waha, watu wa huku kwetu, wote wamekuwa wakali, wanaeleza wanavyoitwa Warundi wakifika mjini. Nikawaacha mpaka wachoke ndio nikasema fungueni kitabu. Siku hiyo walisoma wenyewe, kwa Kiingereza kibovu lakini walisoma.

Mwalimu wa taaluma alikuwa anapita dirishani. Akanisubiri ofisini mbele ya watu, eti madam wewe umeajiriwa kufundisha Kiingereza au kuhubiri, mbona nasikia Kiswahili tu na silabasi ipo nyuma? Nilinyamaza. Matokeo yalipotoka Kiingereza kimepanda kuliko miaka yote, kwenye kikao cha wazazi akasimama yeye akasema "tumejipanga." Haya bwana, mmejipanga.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, usimsimamishe yule mtoto. Msaidie kimyakimya, fotokopi ya maandishi makubwa, dawati la mbele lisilopigwa jua, basi. Wasomee wewe kwa sauti, ukichoka wasomee tena. Anza na Kiswahili, anayekusema mwache aseme. Na usimsimamishe yule mtoto, narudia, maana sisi walimu tunapenda sana kufundisha huruma kwa kutumia aibu ya mtu mwingine, tunaona wanafunzi wametulia tunadhani wameelewa, kumbe wanashukuru tu sio wao. Walimu wenzangu tubadilike, huwezi kudai utu wakati wewe mwenyewe umemfanya binadamu kuwa zana ya kufundishia.

Mtaniuliza binti je. Alimaliza. Kwenye kitabu kile alinyoosha mkono mara moja tu mpaka tunamaliza, kuniambia jina la Rumbidzai, mhusika mmoja wa humo, nimelikosea ubaoni.

Wewe wa Uvinza, kile kitabu kisicho na jalada bado ninacho, kina notisi zangu pembeni. Niambie basi gani linafika kwenu, nimpe konda akuletee, ila ukurasa wa mwisho umechanika.